Jinsi ya kuanzisha benki ya sampuli ya pamoja katika hospitali ya rufaa

Friza ya kwanza niliyofungua nilipopewa kazi hii ilikuwa ya idara ambayo daktari wake alishahamia mkoa mwingine. Barafu ilikuwa nene kama kiganja, na nyuma yake masanduku kumi na manne. Kwenye kifuniko cha moja kulikuwa kumeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "MALARIA – USIGUSE." Nilipolifungua, lebo zilikuwa zimebanduka zikalala chini ya sanduku, na vichupa vimebaki uchi. Damu ya watu themanini na kitu. Kila mmoja wao alikunja mkono wa shati akachomwa sindano akiamini kuna atakayesaidiwa, na sasa hakuna aliyejua ipi ni ya nani, ya lini, wala ya nini.

Tuliziteketeza kwenye tanuri la hospitali. Sijaisahau siku ile. Kiswahili kina neno kwa kitu ulichokabidhiwa na mwenzio ukitunze: amana. Sampuli ya mgonjwa ni amana, na benki ya sampuli ni mahali ambapo hospitali nzima inakubali kuitunza amana hiyo kwa utaratibu mmoja, badala ya kila idara kuwa na friza yake kwenye korido na ufunguo mfukoni mwa mtu mmoja. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya hospitali za rufaa za Tanzania, maana ndizo ninazozijua, ila mwenzangu wa Kenya au Uganda atakuta mengi ni yale yale.

Hatua ya 1: Hesabu kilichopo kabla ya kununua chochote

Usianze na katalogi ya friza. Chukua wiki mbili, daftari, glovu nene na mteknolojia mmoja mvumilivu, mpite idara zote: maabara, saratani, watoto, kifua kikuu, uzazi. Kwa kila sanduku andika vitu vinne: mradi gani, nani anahusika, kibali cha maadili namba ngapi, na fomu za ridhaa ziko wapi. Visipopatikana vyote, liwekee sanduku alama nyekundu. Nyingi zitakuwa sampuli za wanafunzi wa uzamili waliomaliza, wakahitimu, wakaondoka. Wape wahusika muda, tulitoa miezi mitatu, kisha kamati ya maadili iamue. Sampuli isiyo na ridhaa wala kumbukumbu usiiingize kwenye benki mpya hata kama aliyeileta ni bosi wako.

Katika kuhesabu huko msiipite idara ya patholojia. Bloku za nta, yaani vipande vya nyama ya mwili vilivyofunikwa kwa nta, vinavyobaki baada ya mgonjwa kupimwa uvimbe, hukaa miaka mingi kwenye droo, kwenye joto la kawaida la chumba kisicho na jua kali wala unyevu, bila kula umeme hata senti. Hospitali nyingi zina maelfu yake na hazijui kwamba hiyo tayari ni nusu ya benki. Tahadhari ni moja: bloku hizo zilichukuliwa kwa ajili ya matibabu, kwa hiyo kuzitumia kwa utafiti kunahitaji idhini ya kamati ya maadili, na lazima ibaki nyama ya kutosha iwapo mgonjwa mwenyewe atahitaji kupimwa tena.

Hatua ya 2: Andikeni nani ana haki gani

Nimeona jitihada nzuri zikifa hapa, wala si kwenye umeme. Watafiti wanaogopa kuweka sampuli zao mahali pa pamoja kwa sababu wanahofia mwenzao atachapisha kabla yao. Hofu hiyo ni ya haki. Usiwaambie waaminiane, wape karatasi.

Karatasi yenyewe ni mkataba wa kuweka sampuli, kurasa mbili tatu, kati ya mtafiti na benki. Useme wazi kwamba msimamizi wa sampuli ni hospitali, na mtafiti aliyezikusanya ana haki ya kuzitumia kwanza kwa muda uliotajwa. Sisi tuliweka miaka miwili tangu sampuli ya mwisho iingie. Muda ukipita, wengine wanaruhusiwa kuomba, naye anaarifiwa. Useme pia yale ambayo hakuna anayependa kuyazungumza siku ya furaha: mtafiti akihama itakuwaje? Fedha za mradi zikiisha? Akifariki? Tukichelewa kuyajibu, friza ndiyo inayotujibia.

Baada ya mkataba undeni kamati mbili, na msizichanganye. Moja ni ya uongozi, inayoshika bajeti, majengo na sera. Mganga mfawidhi au mwakilishi wake awemo, maana bila yeye hamtapata hata kitasa. Nyingine ni ya matumizi, inayosoma maombi ya watafiti. Hii ya pili iwe na watu watano hadi saba, na angalau mmoja asiwe mtu wa afya wala wa chuo. Kwetu alikuwa mwalimu mstaafu. Kwenye kikao cha kwanza aliuliza, "Huyu mtafiti akipata jibu, wagonjwa wa hapa watalijuaje?" Wataalamu wote tuliokuwa mezani hatukuwa tumeliwaza hilo. Swali lake sasa limo kwenye fomu ya maombi.

Pale Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi iliyojengwa chini ya mpango wa H3Africa wa utafiti wa vinasaba barani Afrika, inayopokea sampuli za miradi mingi. Mkipata nafasi ya kwenda kujifunza huko, mbebeni na mhasibu na fundi umeme.

Hatua ya 3: Vibali

Kwa Tanzania Bara, andaeni itifaki ya benki yenyewe, si ya mradi mmoja, muipeleke kwanza kwenye kamati ya maadili ya taasisi yenu kisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR. Zanzibar kuna Taasisi ya Utafiti wa Afya ya Zanzibar. Sheria mbili zisomeni mkiwa na mwanasheria pembeni: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, inayowahusu mkigusa DNA. Kenya wana sheria yao ya ulinzi wa taarifa ya 2019. Kwa miongozo ya kimataifa, Azimio la Taipei la Chama cha Madaktari Duniani, lililorekebishwa 2016, linahusu benki za sampuli moja kwa moja na ni fupi; lisomwe na kila mjumbe wa kamati.

Hatua ya 4: Ridhaa, kwa maneno ya mgonjwa

Hapa nitakaa kidogo.

Watu wengi walikua wakisikia habari za mumiani, mtu anayekamata watu na kuwanyonya damu ili ikatengenezewe dawa. Usimcheke anayemtaja. Chini ya hadithi ile kuna swali la kweli: damu yangu ikishatoka, nani anafaidika? Fomu ya ridhaa isiyojibu swali hilo haijakamilika, hata ikiwa na mihuri mitatu.

Siku moja nilikaa pembeni nikimsikiliza muuguzi wetu akizungumza na bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, damu ya vipimo tumeshachukua. Tunaomba nyingine kidogo, kama vijiko viwili vya chai, tuitunze kwa ajili ya utafiti."

"Mtaiuza?"

"Hatuiuzi, bibi."

"Na mimi nikifa, mtaendelea nayo?"

Muuguzi akanyamaza. Akaitazama fomu, ukurasa wa kwanza, wa pili. Jibu halikuwamo. Jioni ile tuliiandika upya.

Mnachoomba ni ridhaa pana: mgonjwa anaruhusu sampuli itumike kwenye tafiti zijazo ambazo leo hazijulikani, kila moja ikipitiwa na kamati ya maadili. Upana huo unadai uwazi. Fomu iseme kiasi kinachochukuliwa, itatunzwa miaka mingapi, na sampuli itafanywaje mwenyewe akifariki. Halafu weka visanduku vya kutiki kimoja kimoja: Je, vinasaba visomwe? Je, sampuli iende nje ya nchi? Je, kampuni binafsi itumie? Je, tukigundua jambo linalohusu afya yako tukutafute? Mtu akatae kimoja akubali kingine. Aelezwe pia kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila matibabu yake kuguswa, na kwamba kilichokwisha kutumika hakirudishwi. Mtoto aliyewekewa sahihi na mzazi aulizwe upya akitimiza miaka 18.

Anayedharau visanduku hivyo akumbuke Wahavasupai, jamii ndogo ya Wahindi Wekundu huko Arizona, Marekani. Kuanzia 1990 walitoa damu wakijua ni kwa ajili ya kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza. Baadaye wakagundua damu ile imetumika pia kuchunguza skizofrenia, ugonjwa wa akili, na asili ya uhamaji wao, mambo ambayo hawakuwa wamekubali. Kesi ikaenda hadi 2010, chuo kikuu kilichoichukua damu kikalipa dola 700,000 na kurudisha damu iliyobaki.

Na anayeomba ridhaa awe muuguzi au msaidizi aliyefundishwa. Daktari anayemtibu mgonjwa asiwe ndiye anayeomba. Mgonjwa huona haya kumkatalia mtu aliyeshika maisha yake.

Hatua ya 5: Chumba na umeme

Chumba kiwe ghorofa ya chini. Friza ya wima ya nyuzi -80 za Selsiasi, tupu, ina uzito wa karibu kilo 300, na kabla ya kuiagiza pimeni upana wa kila mlango kuanzia geti hadi pale itakaposimama. Nimeona friza mpya ikikaa nje chini ya turubai wiki tatu ikisubiri ukuta ubomolewe.

Friza hutoa joto jingi. Wekeni viyoyozi viwili, si kimoja, vipokezane, na acheni nafasi nyuma ya kila friza hewa ipite. Kila friza iwe na laini yake ya umeme kutoka kwenye bodi, na stabilaiza. Umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika huua kompresa kuliko kukatika kwenyewe. Jenereta iwake yenyewe, na friza zipangwe kuwaka kwa zamu, moja baada ya nyingine, la sivyo zote zitavuta umeme kwa pamoja na swichi kuu itaanguka. Matumizi yanategemea ukubwa na umri wa friza; wekeni yuniti 10 hadi 20 kwa siku kwa kila moja. Friza nne kwa yuniti 15 ni yuniti 21,900 kwa mwaka. Piga hesabu hiyo kwa bei ya leo kabla hujaandika bajeti.

Kipimajoto cha friza yenyewe usikitegemee peke yake. Mwaka 2012, katika benki ya ubongo ya Hospitali ya McLean karibu na Boston, friza iliharibika bila kengele kulia. Kioo cha nje kilikuwa kinaonyesha -79, na ndani ubongo wa watu karibu 150 ulikuwa umeyeyuka. Kwa hiyo weka kihisi cha pili, kisichotegemea friza, chenye laini yake ya simu, kinachopiga kwa watu watatu wanaoishi sehemu tofauti za mji. Friza moja ibaki tupu ikiwa imewashwa daima, kwa ajili ya kuhamishia. Mhasibu atakuuliza kwa nini unapoza hewa. Mwambie habari za Boston.

Naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya -196, inahitajika tu kama mtatunza chembe hai. Wengi huiona kama kitu cha mbali, ilhali maafisa mifugo wetu wameitumia miaka mingi kutunza mbegu za madume, na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River kinaijua kazi hii vizuri. Waulizeni wao kuhusu mitungi na usafiri. Ila naitrojeni inaua kimya kimya: lita moja ikigeuka gesi huwa karibu lita 700, nayo husukuma oksijeni nje ya chumba. Kipima oksijeni kiwe ukutani na kilie kikishuka chini ya asilimia 19.5, na mtungi usipande lifti na mtu. Pia hakikisheni ujazaji hautegemei mfumo wa kujiendesha peke yake. Desemba 2023, Taasisi ya Karolinska kule Sweden, yenye kila kitu, ilipoteza sampuli kwenye matangi 16 baada ya naitrojeni kukatika sikukuu ya Krismasi ilipokaribia.

Hatua ya 6: Kuchukua na kuandaa

Sampuli huharibika zaidi kati ya wodi na friza kuliko ndani ya friza. Chagueni njia chache mzifanye vizuri. Tyubu ya zambarau, yenye dawa ya kuzuia damu isigande, ipinduliwe taratibu mara nane hadi kumi, isitikiswe. Tyubu nyekundu isimame dakika 30 damu igande. Zote zifike kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu, ndani ya saa mbili. Plazma na seramu, yaani majimaji ya damu yanayojitenga juu, zigawanywe mafungu madogo, nusu mililita kila kichupa, ili anayehitaji kidogo asiyeyushe chote. Kila kuyeyusha na kugandisha tena kunaharibu protini. Usijaze kichupa hadi juu, kwa sababu maji yakiganda hutanuka.

Nyama kutoka thieta ifike maabara ndani ya saa moja, na kwa bloku iingie kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyotengenezwa vizuri, ikae kati ya saa 6 na 72. Nyama inayosahaulika ndani ya fomalini toka Ijumaa hadi Jumanne DNA yake imeshakatikakatika.

Andika saa tatu kwa kila sampuli: iliyochukuliwa, iliyozungushwa, iliyogandishwa. Mchukuaji akichelewa aandike alivyochelewa, wala asigombezwe kwa kuandika. Ukimgombeza leo, kesho saa zote zitakuwa nzuri na hakuna hata moja itakayokuwa ya kweli.

Hatua ya 7: Lebo na kumbukumbu

Lebo ya kawaida hubanduka kwenye -80. Nunua zilizotengenezwa kwa baridi kali, au bora zaidi vichupa vyenye msimbo uliochorwa kiwandani chini ya kitako. Jina la mgonjwa lisionekane popote; iwe namba tu, na orodha inayounganisha namba na jina ikae kwenye kompyuta tofauti, chini ya mtu ambaye si mtafiti. Kila kichupa kiwe na anwani: friza, rafu, raki, sanduku, nafasi. Baobab LIMS, programu huria iliyotengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya benki za sampuli, inafaa kujaribiwa kabla ya kununua ya gharama. Lahajedwali inatosha kwa miezi sita ya kwanza, mradi mwenye haki ya kuibadilisha awe mmoja.

Kila mwezi chagua vichupa 20 kwa kubahatisha, uvitafute. Kikikosekana hata kimoja, simamisha kupokea sampuli mpya hadi ujue kilikwenda wapi.

Hatua ya 8: Watu

Meneja mmoja wa kudumu aliye kwenye ikama ya hospitali, asiyelipwa na mradi. Wateknolojia wawili. Mtu wa data. Zamu ya simu ya usiku yenye posho iliyoandikwa, kwani mtu hawezi kuamka saa nane usiku miaka mitano kwa shukrani tu. Mkishatulia, kiwango cha kimataifa cha benki za sampuli, ISO 20387 cha 2018, ndicho cha kulenga. Maabara ambayo tayari ina ISO 15189, kile cha maabara za tiba, itakuta njia imekwisha kufyekwa.

Hatua ya 9: Kutoa na kusafirisha

Maombi yawe ya ukurasa mmoja na majibu yatoke ndani ya wiki nne. Kichupa cha mwisho cha mgonjwa kisitoke bila kikao maalumu. Anayechukua sampuli arudishe matokeo ghafi kwenye benki, ili wa pili asipime kilichokwisha kupimwa, maana damu haiongezeki.

Sampuli zikitoka nchini lazima kuwe na mkataba wa uhamishaji uliopitishwa na NIMR, unaotaja idadi, kazi, na nini kitafanywa na mabaki. Zifungashwe kwa tabaka tatu, zikiwa na UN3373, alama ya kimataifa ya sampuli za kibiolojia, na kama kuna barafu kavu, alama yake ya UN1845, boksi likiwa na pa kupumulia, kwa kuwa barafu hiyo hugeuka gesi, na gesi iliyofungiwa hulipua. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni kama kipimo hicho hakiwezi kufanyika hapa. Mara nyingi kinaweza, na kijana wa kwetu akajifunza kukifanya.

Hatua ya 10: Fedha

Wafadhili hununua friza, ila hawalipi umeme wa mwaka wa sita. Tafuteni gharama halisi ya kutunza kichupa kimoja kwa mwaka, mkijumlisha umeme, mishahara, vipuri na friza ya kubadilisha baada ya miaka kumi hivi, kisha kila mradi mpya uiandike kwenye bajeti yake tangu mwanzo. Wanafunzi wa ndani walipe kidogo, kampuni zilipe zaidi. Mnatoza huduma, sampuli haina bei, na stakabadhi iseme hivyo.

Kabla ya kufungua

Anzeni na mkusanyo mmoja, ugonjwa mmoja, wagonjwa hamsini. Halafu fanyeni jaribio. Jumamosi usiku nilizima swichi ya friza tupu bila kumwambia yeyote, nikakaa kwenye kiti koridoni na saa mkononi. Mara ya kwanza ilichukua saa moja na dakika kumi mtu kufika: wa kwanza simu yake ilikuwa imezimwa, wa pili alikuwa harusini, wa tatu alifika ila ufunguo wa chumba ulikuwa kwa wa kwanza. Tukatengeneza funguo tatu na kubadili orodha ya zamu. Jaribio la pili, dakika kumi na nane. Jumatatu iliyofuata tukapokea sampuli ya kwanza.